Sheria Ndogo ni Mali ya Nani?

Maneno juu ya kanuni za Serikali, wingi wake na uzito wake, aghalabu husemwa mijini. Husemwa Bungeni Dodoma, husemwa Barazani Chukwani, na husemwa zaidi ya hapo katika kumbi za mikutano ambamo kila msemaji huwekewa chupa ya maji mbele yake. Mkulima, ambaye ndiye kanuni hizo humshukia, hasikiki sana humo. Kwa hiyo sisi, ambao Chama kimetupa kazi ya kuwasikiliza watu kabla ya kuwahutubia, tuliona haitakuwa vibaya kuvuka bahari kutoka Pemba hadi Tanga, tukashika njia ya Segera hadi Korogwe, kisha tukazimaliza kilomita 65 za kutoka Korogwe hadi Handeni, tukae kitako tusikie.

Huenda msomaji wa Visiwani akauliza, Handeni yatuhusu nini? Yatuhusu kwa damu, kwani watu wa mrima ule na sisi tumechanganyika tangu zama za mashamba ya karafuu na kabla yake. Yatuhusu pia kwa sababu karibu kila jaribio la Serikali la kumpangia mkulima maisha yake, tangu enzi ya mkoloni hadi leo, limepita katika wilaya zile mbili au mlimani juu yake. Anayetaka kujua kanuni hufanya nini ikishafika shambani, na aende huko.

Ubishi wenyewe, kwa ufupi, uko hivi. Wapo wasemao kwamba kanuni, leseni, vibali na tozo vimezidi, na kwamba Serikali imemkalia mzalishaji shingoni. Vyama vya upinzani vimelishika jambo hili tangu mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992. Husema kwamba CCM ilirithi kwa mkoloni tabia ya kuamrisha, kisha ikaiongezea mihuri. Upande wa pili wapo wasemao kwamba kanuni ndiyo ngao ya mnyonge, na kwamba ukiiondoa hutamfaidia mkulima mdogo, bali yule mwenye mtaji aliyekuwa akimngoja mlangoni. Ndani ya Chama chetu nako sauti si moja, na hatuoni aibu kulisema hilo.

Yatupasa kuwa wakweli katika hesabu. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyotoa taarifa yake mwaka 1992, ilizitaja sheria 40 kuwa ni za kukandamiza, ikataka zifutwe au zirekebishwe. Baadhi zimerekebishwa, nyingine zimeendelea kuishi. Katika bajeti ya mwaka 2017/18 Serikali ilitangaza kwamba kati ya tozo 139 zilizokuwa zikimwandama mkulima, 80 zinafutwa. Mwaka 2018 ukatolewa mpango wa kurekebisha mfumo mzima wa udhibiti wa biashara, ukaanza kutekelezwa tarehe 1 Julai 2019, na mwaka huo huo kazi ya kukagua vyakula ikaondolewa kwa mamlaka iliyokuwa ya chakula na dawa ikapelekwa Shirika la Viwango, ili mwenye kiwanda kidogo asikaguliwe mara mbili kwa kitu kimoja. Basi si kweli kwamba Serikali haikusikia. Lakini pia si halali kwetu kujipongeza kupita kiasi, kwani zile tozo 80 hazikuota zenyewe kama uyoga. Kila moja kuna aliyeitunga, kuna aliyeipigia kura, na kuna aliyeitia saini.

Mfano mmoja tuliuona kwa macho yetu. Katika kizuizi cha ushuru wa mazao, ambacho hatutakitaja kilipo, gari dogo lilikuwa limesimamishwa likiwa na magunia ya mahindi. Kina mama wanne walikuwa ndani, kila mmoja na magunia yake. Sheria iliyopitishwa mwaka 2017 ilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na tena ikamsamehe anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Ni sheria nzuri, iliyotungwa kwa kumhurumia mtu kama wale kina mama. Ila mmoja wao, bibi wa makamo aliyetuita sisi sote wanawe, alishika kwamba tani moja ni ya mtu; na kijana wa kizuizini, ambaye hakuwa mkorofi na alikuwa na mashine yake ya risiti mkononi, alishika kwamba tani moja ni ya gari. Mahindi yalikuwa yakipigwa jua wakati haya yakijadiliwa. Hatimaye waliafikiana kwa namna ambayo hatukuiuliza.

Hapo ndipo tulipoanza kushuku kwamba ubishi wa mijini, wa kanuni nyingi au chache, huenda unaliacha swali lenyewe nje. Bibi yule hakulalamika kwamba kanuni ipo. Alilalamika kwamba hakuna aliyemweleza ilivyo, na kwamba anayeifasiri ndiye huyo huyo anayepokea fedha.

Tukirudi nyuma kidogo tutaona kwamba malalamiko haya ni ya zamani. Mwingereza, katika siku za Gavana Donald Cameron, aliweka mwaka 1926 sheria ya mamlaka za wenyeji, ambayo kwayo machifu na majumbe walipewa uwezo wa kutoa amri na kutunga kanuni, mradi mkuu wa wilaya aridhie. Amri zilikuwa za kila namna, na katika Handeni, nchi ya mvua za kubahatisha na njaa za mara kwa mara, amri iliyokumbukwa zaidi ilikuwa ya kulima muhogo kuwa akiba. Tulizungumza na mzee mmoja ambaye utoto wake ulikuwa katika miaka ya 1950. Alitueleza jambo ambalo wapinga kanuni na watetezi wa kanuni wote wawili wangefaa kulisikia. Muhogo, alisema, uliwaokoa, na hakuna mtu wa makwao atakayeukana. Lakini watu waliuchukia wakati ule kwa sababu uliletwa na tarishi pamoja na tishio la faini, na baadhi yao waliuotesha kando ya njia tu, mahali pa kuonekana, ili mkaguzi apite aridhike. Amri njema ikazaa shamba la kuonyesha wageni.

Huko juu ya Korogwe, katika milima ya Usambara, mambo yalikwenda mbali zaidi. Katika miaka ya 1950 mkoloni aliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Wataalamu wake hawakukosea kuhusu udongo. Udongo ulikuwa ukichukuliwa kweli. Walikosea kuhusu watu. Kazi ya matuta ilimwangukia zaidi mwanamke mwenye jembe, ardhi ya kulima ikapungua, na hakuna aliyekuwa ameulizwa. Watu wakagoma, na TANU ikapata wanachama wengi kwa sababu ya matuta kuliko kwa sababu ya hotuba. Sisi wa Chama hupenda kuyasimulia haya kwa fahari. Tusiyoyasimulia sana ni yaliyofuata.

Baada ya Uhuru machifu waliondolewa madaraka mwaka 1963, lakini amri hazikuondoka nao. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1960 Handeni ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizotangulia kufanyiwa operesheni ya kuwahamishia watu vijijini, kabla ya operesheni kubwa ya nchi nzima ya miaka ya 1973 hadi 1976. Shule, zahanati na maji vilikuwa nia ya kweli, na watu wazima tuliowakuta wamesoma katika shule hizo wala hawakutuficha shukrani zao. Lakini mwaka 1972, katika mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa. Jina lilikuwa la kuwapa watu madaraka. Matokeo yalikuwa kwamba diwani aliondoka na ofisa akabaki. Mwaka 1976 vyama vya ushirika navyo vikavunjwa. Mtu akipewa amri ya ekari hakuwa tena na wa kumshika koti.

Na jambo hili halisemwi na wapinzani peke yao. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri mwaka 1984 kwamba kuziondoa serikali za mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Sheria za mwaka 1982 zilikuwa zimekwisha kuzirejesha, na halmashauri zikaanza tena kazi mwaka huo wa 1984. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikuwa tayari umeonya juu ya kiongozi mwenye majivuno na dharau anayewaamrisha watu badala ya kushauriana nao. Mwaka mmoja tu baadaye tukawavunjia halmashauri zao. Tumejifunza katika Chama kwamba kujikosoa ni wajibu, nasi tunautekeleza hapa.

Sasa tuje kwenye ardhi, kwani ndiyo mambo yote. Mwaka 2004, katika utawala wa Rais Benjamin Mkapa, ulianzishwa mpango wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge, ujulikanao kama MKURABITA, kwa ushauri wa taasisi ya Hernando de Soto, mtaalamu wa uchumi kutoka Peru. Mpango huo ulihusu pande zote mbili za Muungano. Wataalamu wake walisema kwamba asilimia 98 ya biashara na asilimia 89 ya mali za ardhi na majengo zilikuwa nje ya mfumo rasmi. Dawa yao ilikuwa hati: mkulima apewe hati ya hakimiliki ya kimila, aipeleke benki, apate mkopo. Na ni wapi palipochaguliwa kuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo pa majaribio? Handeni.

Wapo waliolipinga wazo hili tangu mwanzo, na hawakuwa watu wa kupuuzwa. Tume ya Rais ya masuala ya ardhi, iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji katika miaka ya 1991 na 1992, ilikuwa imependekeza kwamba mamlaka ya mwisho juu ya ardhi ya kijiji yawe kwa mkutano mkuu wa kijiji, yasiwe mkononi mwa watendaji wa Serikali. Pendekezo hilo halikukubaliwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ilitoa mengi: baraza la ardhi la kijiji lenye watu saba, na watatu kati yao angalau wawe wanawake, haki ya mwanamke kumiliki sawa na mwanamume, masjala ya ardhi kijijini. Lakini iliweka pia kipimo ambacho wanakijiji wachache tuliozungumza nao walikuwa wamekisikia. Rais akitaka kuihamisha ardhi ya kijiji iende katika matumizi mengine, ikiwa ni chini ya hekta 250 mkutano mkuu wa kijiji ndio hukubali au kukataa. Ikizidi hapo, mkutano hutoa maoni na Waziri huamua. Yaani kipande kidogo ni cha kijiji, na kipande kikubwa ni cha Wizara.

Hati zenyewe tulionyeshwa. Mzee mmoja aliitoa yake katika mfuko wa nailoni aliouweka chini ya godoro, ikiwa na jina lake na la mkewe. Tulimwuliza kama amewahi kukopea. Akacheka. Mabenki mengi yamekuwa yakisita kuipokea hati ya kimila, kwani shamba la Handeni likinadiwa, nani atalinunua mbele ya ndugu zake? Hata hivyo alisema hataki kuirudisha, kwa sababu siku mgogoro wa mpaka utakapotokea atakuwa na kitu cha kuonyesha. Basi de Soto alikosea kuhusu mkopo, na wakosoaji wake walikosea kidogo kuhusu karatasi.

Na migogoro Handeni si ya kubuni. Tangu Juni 2022 kijiji cha Msomera kimekuwa kikipokea familia kutoka Ngorongoro, ambao Serikali iliwajengea nyumba na kuwagawia maeneo. Serikali ilisema, na inasema, kwamba wanaohama wanahama kwa hiari. Wapinzani na watetezi wa haki walibisha kwamba hiari ya mtu aliyefungiwa huduma ni hiari ya mashaka. Na baadhi ya wakazi wa zamani wa Msomera nao wakalalamika kwamba ardhi waliyokuwa wakiitumia imegawiwa wageni. Sisi hatutajifanya mahakimu wa jambo hilo katika safu ya gazeti. Tunalitaja kwa sababu ya kile kilichotokea upande wa pili, huko walikotoka wale wageni. Tarehe 2 Agosti 2024 Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa alitoa Tangazo la Serikali Namba 673. Kwa tangazo hilo kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vya Ngorongoro viliondolewa katika orodha, miezi michache kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa. Halikupita Bungeni kwanza, wala sheria haikulitaka lipite. Watu wakajitokeza barabarani. Tarehe 22 Agosti Mahakama Kuu, Arusha, ilisimamisha utekelezaji wake, na katika siku hizo hizo viongozi wa Serikali wakawaendea wakazi kuwaambia kwamba vijiji vyao vipo na watapiga kura.

Tunawaomba maofisa wanaotusoma walifikirie tangazo hilo kwa makini, bila kujali chama. Haikuwa sheria ya Bunge iliyojadiliwa usiku na mchana. Ilikuwa kanuni, karatasi yenye namba, na ilitosha kukifuta kijiji chenye mwenyekiti, muhuri na makaburi ya wazee. Wenzetu wa upinzani hupiga kelele zaidi juu ya leseni ya duka. Wenzetu wa Chama hujibu kwa kuhesabu tozo zilizofutwa. Mambo makubwa hupita kati yao katika Gazeti la Serikali, ambalo hakuna mkulima tuliyemwona analisoma.

Sheria yenyewe, tukiisoma, haikuwa na dhamira mbaya. Sheria Namba 7 ya mwaka 1982 inasema kwamba kijiji kikitaka kutunga sheria ndogo, halmashauri ya kijiji huitisha mkutano mkuu, watu huzungumza, maoni yao hutiliwa maanani, kisha rasimu hupelekwa wilayani kuidhinishwa. Halmashauri ya wilaya nayo hutakiwa kuwatangazia wakazi kusudio lake na kupokea pingamizi zao kabla ya kwenda kwa Waziri. Bunge lina kamati ya kuzipitia sheria ndogo zikishachapishwa. Na tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria, jambo ambalo lilichelewa miaka sitini lakini limefika.

Katika vijiji vya Korogwe na Handeni tulivyopita, ambavyo hatutavitaja kwa kuwa hatukwenda kuwashitaki wenyeji wetu, tuliuliza swali moja: ni sheria ndogo gani mliyoitunga wenyewe? Mahali pengi tulijibiwa kwa kutazamana. Katika kijiji kimoja tulijibiwa na watu sita kwa mpigo. Ilikuwa sheria ya mbuzi. Walituhadithia jinsi ilivyobishaniwa kutwa nzima. Jinsi wenye mifugo walivyotaka faini iwe ndogo na wenye mashamba walivyotaka iwe kubwa. Jinsi mwanamke mmoja mjane mwenye mbuzi wawili alivyosimama akauliza atalipa kwa nini kama si kwa mbuzi mwenyewe. Na jinsi walivyokubaliana kwamba mara ya kwanza mtu aonywe, mara ya pili alipe mahindi yaliyoliwa, na mara ya tatu ndipo iwe faini. Mjane alikuwapo hapo hapo, akatuambia hajawahi kulipa. Tuliwauliza je, sheria ile ni kali au si kali? Swali hilo hawakulielewa, nasi tukaliacha.

Tulisoma chuoni tukiwa wadogo, na tunakumbuka kwamba mwalimu hakukusogeza mbele hadi uisome aya uliyopewa mbele yake, kwa sauti. Wapo wanaotunga kanuni leo ambao hawajawahi kuisoma kanuni yao kwa sauti mbele ya mtu atakayeitii.

Tukiwa bado Handeni, wenyeji walitugeuzia kibao. Walitaka kujua habari za karafuu, kwani walikuwa wamesikia kwamba kwetu mkulima huuza kwa Shirika la ZSTC peke yake na akiuza kwingine huadhibiwa. Tuliwaambia ni kweli, na kwamba Serikali yetu ilipoamua mwaka 2011 kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, magendo yalipungua na miche ikaanza kupandwa. Tuliwaambia pia, kwa uaminifu, kwamba CUF ilipokuwa nje ya Serikali ilitaka biashara hiyo iachiwe huru, na ilipoingia katika Serikali ya Umoja wa Kitaifa baada ya uchaguzi wa 2010, Waziri wa Biashara aliyeisimamia ZSTC alitoka CUF, na ukiritimba ukabaki. Hilo liliwafurahisha sana. Walisema nao wana madiwani wa namna hiyo.

Kisha yule mzee wa muhogo akatuuliza jambo ambalo hatukuwa tumejiandaa nalo. Alijua kwamba kwao mwenyekiti wa kijiji huchaguliwa kwa kura, na mkutano mkuu una uwezo wa kukataa rasimu ya sheria ndogo. Alikuwa na mjukuu aliyeolewa Unguja, akasikia kwamba huko kuna sheha, na kwamba sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa. Akataka kujua: mbuzi wakila mihogo katika shehia, watu hukutana wapi kutunga sheria yao, na nani huwasikiliza wakiikataa? Tulimweleza kwamba tunayo Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 2014, yenye mabaraza na madiwani wake, na kwamba sheha hukaa na kamati yake ya washauri. Alitusikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akauliza tena swali lile lile.

Tulimwahidi kwamba tutalifikisha kwa wahusika. Tunalifikisha: katika shehia zetu za Unguja na Pemba, ni lini mara ya mwisho wananchi walisomewa rasimu ya sheria ndogo kabla haijapitishwa, na ni rasimu gani waliyowahi kuikataa?